Emboli kwenye mishipa ya ubongo na kipimo cha Dopla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wagonjwa, kwa ndugu zao wanaosubiri kwenye benchi nje ya chumba, na kwa vijana wanaojifunza kazi hii. Sikuyapanga kwa uzito. Mengine jibu lake ni mstari mmoja. Mengine yalinichukua miaka kuyaelewa, kwa hiyo usishangae nikikaa nayo.

Emboli ni nini?

Ni kitu chochote kinachosafiri ndani ya damu wakati hakikutakiwa kuwemo: donge dogo la damu iliyoganda, chembe ya mafuta iliyobanduka kwenye ukuta wa mshipa, au kiputo cha hewa. Kikifika mahali ambapo mshipa ni mwembamba kuliko chenyewe, kinakwama. Kikikwama kwenye ubongo, eneo lililokuwa likipata damu kupitia hapo linakosa, na ndipo watu wanasema "amepigwa na kiharusi".

Hizi tunazozihesabu kwa Dopla, aina ya ultrasaundi inayotumia mawimbi ya sauti kusikiliza damu inavyotembea, kwa kawaida ni ndogo mno. Nyingi hupita na mgonjwa hajui kitu. Anaendelea kuangalia dari. Kwenye karatasi ya majibu utaona herufi HITS au MES. Zote zinataja ishara, yaani mlio na alama kwenye skrini. Kilichotoa mlio hakionekani. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya ugumu wa kipimo hiki umeuelewa.

Fuvu ni mfupa mtupu. Mawimbi ya sauti yanapitaje?

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini hayapiti kwa watu wazima. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake, wakifanya kazi Bern, Uswisi, walionyesha kwamba kuna mahali pa kupenyea. Weka kidole kwenye panja, mbele ya sikio, juu kidogo ya mfupa wa shavu. Hapo mfupa ni mwembamba. Wao walishusha pia masafa ya mawimbi hadi megahezi 2, chini ya yale yanayotumika kwa mishipa ya shingo, kwa sababu masafa ya chini hayamezwi sana na mfupa.

Kutoka hapo panjani, ukiingia ndani milimita 45 hadi 65, unakutana na ateri ya kati ya ubongo. Ni mshipa unaobeba sehemu kubwa ya damu ya upande ule wa ubongo, na kwa bahati nzuri damu yake inakuja karibu moja kwa moja kuelekea kwenye probu, yaani kile kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi kinachowekwa panjani. Usingeweza kuomba mshipa mzuri zaidi.

Kwa hiyo mnaona picha ya emboli?

Hapana. Tunasikiliza, na mashine inatuchorea tunachosikia.

Ukipiga mawimbi kwenye kitu kinachotembea, mwangwi unarudi na masafa yaliyobadilika. Christian Doppler aliliandika jambo hili mwaka 1842 akiwa Prague, akizungumzia mwanga wa nyota. Kwenye ubongo hesabu yake inatoka hivi: mawimbi ya megahezi 2, damu inayokwenda sentimita 60 kwa sekunde, na sauti inayosafiri ndani ya mwili mita 1,540 kwa sekunde. Tofauti ya masafa inakuwa karibu hezi 1,560. Hiyo ni sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia bila kusaidiwa! Ndiyo maana ukiingia kwenye chumba chetu unasikia *fuuh, fuuh, fuuh* ikifuata mapigo ya moyo. Mashine imekuza tofauti hiyo na kuipeleka kwenye spika.

Damu yenyewe inarudisha mwangwi hafifu, kwa sababu seli nyekundu ni ndogo sana zikilinganishwa na urefu wa wimbi. Emboli ikipita, mwangwi unapanda ghafla. Kwenye skrini unaona mstari unaong'aa ndani ya mchoro wa damu. Kwenye hedifoni unasikia mlio mmoja mfupi juu ya ile *fuuh*: wakati mwingine kama kidude kinachodonoa, wakati mwingine kama kifaranga kilicholia mara moja na kunyamaza, mara chache kama mtu anayeguna. Unaisikia kabla hujaiona. Wanafunzi wangu hubisha juu ya hili wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hawabishi.

Mnajuaje kwamba mlio huo si kelele tu?

Hili ndilo swali la kazi nzima.

Mwaka 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana vigezo, wakavirejea mwaka 1998, na hadi leo tunaanzia hapo. Ishara iwe fupi, kwa kawaida chini ya sekunde 0.3. Iwe na nguvu kuliko damu inayoizunguka kwa angalau desibeli 3. Iende upande mmoja tu wa mchoro, ule ambao damu inaelekea. Iwe na mlio wake.

Desibeli 3 maana yake nguvu ya mwangwi imeongezeka takribani mara mbili. Inaonekana nyingi, lakini damu yenyewe hupandashuka, na ukitumia desibeli 3 peke yake utajikuta unahesabu mawimbi ya kawaida. Maabara nyingi hupandisha kiwango. Wanaokwenda hadi 7 hukubaliana zaidi kati ya msikilizaji na msikilizaji, ila wanakubali kwamba ishara dhaifu zitawapita. Hakuna kiwango kisicho na gharama. Muhimu ni kuandika ulitumia kipi, maana hesabu ya maabara ya desibeli 3 na ile ya desibeli 7 huwezi kuziweka kwenye mizani moja.

Kelele nyingi hujitambulisha zenyewe. Probu ikitikiswa, mashine inarekodi mlipuko unaokwenda juu na chini ya mstari kwa wakati mmoja, na sauti yake ni *tap* nzito, haina mluzi. Kumeza mate hufanya hivyo, kukohoa pia, kuongea ndiyo usiseme. Niliwahi kumpima mzee mmoja mtulivu kabisa, macho amefumba, na mashine ikahesabu zaidi ya ishara arobaini ndani ya dakika ishirini. Moyo ukanienda mbio. Nikavua hedifoni, nikamtazama usoni kwa karibu: taya lilikuwa linacheza polepole. Alikuwa anatafuna jojo. Tulipoitoa tukaanza upya, na dakika ishirini zilizofuata mashine haikutoa hata ishara moja.

Njia nzuri kuliko zote ya kutenganisha ni kusikiliza kwenye vina viwili kwa pamoja. Tuseme milimita 60 na milimita 50 ndani ya mshipa uleule. Emboli inasafiri na damu, kwa hiyo itaonekana kwanza kwenye 60, halafu kwenye 50, kwa sababu damu inakuja kwetu. Umbali ni milimita 10. Kwa kasi ya sentimita 60 kwa sekunde, tofauti ya muda ni karibu milisekunde 17. Kelele ya probu haisafiri popote, inatokea kwenye vina vyote kwa mkupuo. Mtu hawezi kuhisi milisekunde 17, ila mashine inaziona, nawe ukivuta mchoro karibu unaziona.

Mnaweza kutofautisha kiputo cha hewa na donge la damu?

Kwa uhakika wa kutosha kumwandikia mgonjwa dawa, hapana.

Hewa inarudisha mawimbi kwa nguvu mno. Kiputo kidogo sana kinaweza kung'aa kwenye skrini kuliko donge la damu kubwa mara nyingi zaidi yake. Kwa hiyo ukubwa wa ishara haukuambii ukubwa wa kitu mpaka ujue kwanza ni kitu gani. Zilitengenezwa mashine za kutumia masafa mawili, megahezi 2 na 2.5, kwa hoja kwamba hewa na kitu kigumu hujibu tofauti kwa kila masafa. Wazo lilikuwa zuri. Lilipopimwa kwa ukali zaidi, usahihi wake haukutosha kuamua ishara mojamoja.

Kwa hiyo tunarudi kwenye busara ya kawaida: ishara imetoka kwa nani, na wakati gani? Mtu aliye kwenye mashine ya moyo-mapafu katikati ya upasuaji, tunadhani hewa. Mtu mwenye mshipa wa shingo uliosinyaa, aliyepooza mkono juzi, hakuchomwa sindano yoyote, hiyo ni chembe ngumu. Si ushahidi wa mahakamani, lakini mara nyingi unatosha.

Mama yangu ana valvu ya chuma kwenye moyo. Ripoti inasema ishara 60 kwa saa. Anakwenda kupata kiharusi?

Swali hili hutoka kwa watoto waliokesha, kwa hiyo nalijibu kwa utaratibu.

Valvu za chuma ni za kawaida huku kwetu kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu valvu za watu wakiwa bado wadogo. Valvu hiyo inapofunga kwa nguvu, shinikizo la damu pembeni yake hushuka kwa sehemu ndogo ya sekunde na gesi iliyoyeyuka kwenye damu hutoka kama viputo, kama vile soda inavyofanya ukifungua kizibo. Viputo hivyo vinafika ubongoni na sisi tunavisikia. Watafiti waliwapa wagonjwa wa aina hii oksijeni tupu wavute, na idadi ya ishara ikashuka wazi. Donge la damu lisingejali mgonjwa anavuta nini. Viputo vya naitrojeni vinajali.

Kwa hiyo ishara makumi, au hata mamia kwa saa, kwa mtu mwenye valvu ya chuma si sawa na ishara hizohizo kwa mtu mwingine. Hazitabiri kiharusi kwa kiasi cha kutegemewa, na hazitumiki kupanga dozi ya warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda. Dozi inapangwa kwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Kama mama amekosa kliniki ya INR miezi mitatu, hilo ndilo la kukukosesha usingizi. Hizo 60 ziache.

Kwa nini mnanilaza saa nzima?

Kwa sababu emboli hazina ratiba.

Fikiria mtu amekaa gizani kando ya barabara, anahesabu malori kwa mngurumo tu. Akikaa dakika tano na lori lisipite, hawezi kusema barabara ile haina malori. Tuweke namba. Mgonjwa anatoa kwa wastani emboli 2 kwa saa, zikija kiholela. Ukimsikiliza nusu saa, uwezekano wa kukosa zote ni karibu 37 kati ya 100. Ukimsikiliza saa nzima, unashuka hadi karibu 14. Bado si sifuri, na ndiyo maana kwenye tafiti kubwa watu walirekodiwa zaidi ya mara moja.

Siku nayo ina uzito wake. Kwa mtu ambaye kiharusi chake kilitokana na mshipa wa shingo, ishara huwa nyingi siku za mwanzo, kisha hupungua. Ukija baada ya miezi miwili, jibu la "hakuna ishara" halielezi kilichokuwa kikitokea wiki ile. Nimeona rufaa za aina hii nyingi, zimeandikwa vizuri na kupigwa mihuri yote, zimechelewa.

Idadi ya kawaida ni ngapi?

Sifuri. Mtu mzima mwenye afya, asiye na valvu bandia wala ugonjwa wa mishipa, hatarajiwi kutoa ishara hata moja.

Zaidi ya hapo inategemea. Mfano bora ninaoujua ni utafiti wa ACES, uliochapishwa mwaka 2010. Waliangaliwa watu 467 wenye mshipa wa shingo uliosinyaa lakini ambao haukuwa umewaletea dalili. Kati yao 77 walikutwa na ishara mwanzoni. Hatari ya kiharusi cha upande uleule kwa mwaka ilikuwa asilimia 3.62 kwa waliokuwa na ishara na 0.70 kwa wasiokuwa nazo. Angalia vizuri walichotenganisha: kuwepo na kutokuwepo. Ishara 1 ilimtoa mtu kundi moja na kumpeleka lingine. Kwa mgonjwa wa namna hii, mabishano ya kama zilikuwa 3 au 4 hayana maana sana. Kama ilikuwa 0 au 1, hapo ndipo unarudi kusikiliza rekodi mara tatu.

Kuna dawa ya kuzipunguza?

Kwa zinazotoka kwenye mshipa wa shingo, ndiyo, na kipimo hiki ndicho kilichosaidia kuonyesha. Utafiti wa CARESS, mwaka 2005, ulichukua wagonjwa 107 wenye dalili za karibuni na wenye ishara. Baadhi walipewa aspirini peke yake, wengine aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Siku ya 7, waliobaki na ishara walikuwa asilimia 72.7 kwa aspirini peke yake na 43.8 kwa dawa mbili. Mwaka 2010 utafiti wa CLAIR, uliofanyika Asia kwa watu ambao mishipa yao iliyosinyaa ilikuwa ndani ya kichwa au shingoni, ulielekea upande huohuo.

Raha ya watafiti hapa inaeleweka. Kusubiri viharusi vitokee ili ujue dawa ipi ni bora kunahitaji maelfu ya watu na miaka. Kuhesabu emboli kulihitaji watu mia moja na wiki moja. Ila usianze kumeza dawa mbili kwa sababu umesoma hapa, ndugu yangu. Zikiwa pamoja huongeza hatari ya kutoka damu, na daktari huziweka kwa muda maalumu.

Mnaweza kujua zinatoka wapi?

Mara nyingi, kwa kusikiliza pande mbili kwa wakati mmoja. Ishara zikiwa upande wa kushoto tu, saa nzima, tunaangalia mshipa wa shingo wa kushoto. Zikija kushoto na kulia, chanzo kiko chini zaidi, kabla njia hazijagawanyika: moyo, au upinde wa ateri kuu inayotoka moyoni. Ni kama bomba la mtaa. Maji machafu yakiwa nyumbani kwako tu, angalia bomba lako. Yakiwa mtaa mzima, nenda kwenye tangi.

Kompyuta haiwezi kuhesabu yenyewe?

Inahesabu, na kwa viputo vya hewa vyenye ishara kali inafanya vizuri. Kuna hata mashine zenye mkono wa roboti unaotafuta mshipa wenyewe. Kwa chembe ngumu zenye ishara dhaifu, bado mtu anakaa na hedifoni na kupitia kila ishara ambayo mashine imeweka alama. Mimi hufanya hivi: naiacha mashine iwe na pupa, ikamate kila kitu, halafu natupa. Kutupa ishara 50 za uongo kunanichukua dakika chache. Ile moja ya kweli ambayo mashine haikuiweka alama siwezi kuirudisha, isipokuwa nisikilize saa nzima tena.

Ishara zikija kama mvua, hakuna anayehesabu. Unaandika "mvua" au "pazia" na unaendelea. Anayekuletea namba kamili kutoka kwenye pazia, muulize alihesabuje.

Daktari ameandika "kipimo cha viputo". Ni hiki hiki?

Mashine ni ileile, ila safari hii emboli tunaziweka sisi.

Mtoto akiwa tumboni ana tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, kwa sababu mapafu yake bado hayafanyi kazi. Baada ya kuzaliwa hujifunga. Kwa takribani mtu mmoja kati ya wanne halijifungi sawasawa, na wengi wao huzeeka bila kujua. Kijana akipata kiharusi kisicho na sababu, tunataka kujua kama donge dogo kutoka mguuni liliweza kuvuka kupitia hapo.

Tunachukua mililita 9 za maji ya chumvi ya dripu na mililita 1 ya hewa, wakati mwingine na tone la damu ya mgonjwa mwenyewe ili viputo vishikamane vizuri. Sindano mbili zinaunganishwa kwa koki ya njia tatu, na mchanganyiko unasukumwa huku na huko kama mara kumi mpaka unakuwa mweupe kama maji ya mchele. Unaingizwa kwa haraka kwenye mshipa wa kiwiko. Tunasikiliza mgonjwa akiwa ametulia. Halafu tunarudia, na sekunde 5 baada ya sindano kuanza tunamwambia ajikaze kwa sekunde 10, kama mtu aliyefunga choo. Wazee hucheka hapo, na kicheko kinaharibu rekodi, tunaanza tena.

Mapafu mazima huvichuja viputo vyote, kwa hiyo ubongoni kusifike hata kimoja. Vikifika, kuna njia ya mkato. Tunapanga kwa madaraja: hakuna, 1 hadi 10, zaidi ya 10, na pazia. Vikichelewa mapigo mengi ya moyo ndipo vitokee, tunafikiria njia ya mkato ndani ya mapafu. Hapa, tofauti na kwa mshipa wa shingo, wingi una maana, kwa sababu sisi ndio tuliopima tulichoingiza.

Wanaozamia baharini nao hupimwa?

Kwa kweli sehemu ya fani hii ilianzia kwao. Merrill Spencer wa Seattle, Marekani, alikuwa akisikiliza viputo kwenye damu ya wazamiaji kwa Dopla kabla kifaa cha kichwani hakijakuwepo. Baadaye timu yake ilisikiliza ubongo wakati wa upasuaji wa mishipa ya shingo, ikachapisha mwaka 1990. Waliweza kusikia ishara hata kabla mshipa haujafunguliwa, wakati hewa haina pa kuingilia. Hapo ndipo watu walipoanza kuamini kwamba chembe ngumu nazo zinasikika.

Kwenye upasuaji kipimo hiki kinasaidia nini?

Kinampa mpasuaji sikio. Akishika mshipa wa shingo kwa nguvu na spika ikaanza kulia, analegeza mkono. Huko Leicester, Uingereza, walikwenda mbali zaidi: waliendelea kusikiliza saa chache baada ya upasuaji, na ishara zikizidi 25 ndani ya dakika 10 walianzisha dripu ya dekstrani kuzuia damu kuganda pale palipofanyiwa kazi. Kwenye upasuaji wa moyo ishara hufika mamia au maelfu, nyingi zikiwa hewa, na kujua ni hatua ipi ya upasuaji inayozimwaga kumebadilisha namna ya kutoa hewa moyoni kabla ya kufunga.

Nimeambiwa "huna dirisha". Nina tatizo?

Wewe huna tatizo, tatizo ni letu. Maana yake mfupa wa panja lako ni mnene au una mapovu ndani, na mawimbi hayapiti. Hutokea kwa watu 10 hadi 20 kati ya 100, zaidi kwa wanawake, wazee, na watu wenye asili ya Afrika na Asia. Yaani mashine hii ina udhaifu zaidi pale tunapoihitaji sisi, na vitabu vingi vimeandikwa na watu ambao wagonjwa wao walikuwa na madirisha mazuri.

Kabla ya kukata tamaa, fundi ajaribu mbele kidogo, nyuma kidogo, juu kidogo, aongeze jeli. Nimepata mshipa dakika ya kumi na mbili mahali ambapo mwenzangu aliandika "hakuna dirisha" dakika ya tatu. Kuna dawa za kuongeza mwangwi zinazochomwa kwenye damu, lakini zimetengenezwa kwa viputo vidogo: ukizitumia, utahesabu viputo vyako mwenyewe. Njia nyingine ni kisogoni, pale kichwa kinapokutana na shingo, au kupitia jicho kwa nguvu iliyopunguzwa sana.

Kina madhara? Kinauma?

Hakuna mionzi, hakuna maumivu. Mkanda wa kichwa unabana, na baada ya saa moja utabaki na alama mbili panjani zinazoondoka kabla ya chakula cha jioni.

Tofauti yake na CT au MRI ni ipi?

Hizo zinaonyesha palipoharibika. Hiki kinasikia kinachopita sasa hivi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na mwenye dalili mpya za kiharusi apelekwe kwenye CT kwanza, asije kwetu.

Kipimo hiki kinapatikana Afrika Mashariki?

Dopla ya kichwa si ngeni hapa. Kilifi, Kenya, ilitumika miaka ya 1990 kuchunguza watoto wenye malaria ya ubongo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imetumika kwa watoto wenye selimundu, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, watoto wenye selimundu wamepimwa na wenye kasi ya juu kupewa haidroksiyurea, dawa ya ugonjwa huo. Lakini huko kinachotafutwa ni kasi ya damu. Kwa watoto wa selimundu, wastani wa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni hatari. Utafiti wa STOP uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto hao kulipunguza viharusi kwa asilimia 92. Kazi hiyo inachukua nusu saa, fundi ameshika probu kwa mkono.

Emboli zinataka kingine: mkanda unaoshika probu bila kuyumba, programu ya vina viwili, na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Hospitali inaweza kuwa na ultrasaundi nzuri ya moyo yenye uwezo wa kupenya panja, na bado isiweze kufanya kipimo hiki, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaotulia saa nzima. Ukipewa rufaa, uliza kwanza kwa simu: "Mna mkanda wa kichwa?" Wakisita, unajua.

Nijiandae vipi?

Kula, kunywa dawa zako kama kawaida, na mweleze fundi unazotumia. Nenda haja kabla ya kulala kitandani. Vua hereni na miwani, na kama umesuka, omba mapema wakuambie mistari ipite wapi. Dada mmoja alikuja na yeboyebo mpya ya siku mbili, imekaza hadi nyusi zimepanda, na fundo la rasta lilikuwa limekaa juu ya dirisha la kulia hasa. Hakutaka kufumua, na sikumlaumu. Alikuwa amekaa saa sita kwa msusi. Tulifumua misuko miwili tu nyuma ya panja, tukaifungia pembeni kwa plasta, mkanda ukakaa. Jeli inatoka kwa maji ya uvuguvugu, kwa mafuta haitoki. Na jojo iache kwenye mkoba.